Kipande cha Dari Kisichoota Kutu

Jumatatu, 2 Machi 1998

Wameanza. Saa mbili asubuhi, nyundo! Kikombe changu cha kahawa kikatembea chenyewe juu ya meza hadi ukingoni. Nikakidaka.

Ni ghorofa ya tatu, chini ya miguu yangu. Kwa Bram mchongaji. Miaka kumi na minne tangu aondoke pamefungwa, vumbi na panya tu. Sasa Grubman mwenye jengo anapageuza makazi ya mtu wa benki: mabafu mawili ya marumaru, jiko linalong'aa kama chumba cha upasuaji, sakafu inayopashwa moto kwa chini kama kikaango. Nimeandika dhidi ya mambo haya tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi. Mji unafukuza viwanda vyake. Wachoraji na wachongaji wanaingia kwenye kumbi tupu za viwanda, wanazifufua kwa mikono yao. Kisha nao wanafukuzwa, na harufu yao inauzwa kwa wenye nazo! Makala arobaini na moja nimeandika juu ya hilo.

Kwa hiyo leo nilipaswa kukaa juu nikinuna. Saa nne nilikuwa mlangoni mwao na kandambili zangu, nachungulia.

Fundi mkuu anaitwa Gajda. Mpolandi, masharubu ya kijivu, sauti ya mtu aliyemeza changarawe. Alikuwa anakokota kitu kizito sakafuni kwa kamba, kama anatembeza mbwa mzee.

"Wewe ndiye wa magazetini?" akauliza.

"Ndimi."

"Bosi katukataza kuongea na wewe."

"Basi usiongee. Hicho ni nini?"

"Sumaku." Akaigeuza nione chini yake.

Sindano! Mamia. Zimetoka kwenye nyufa za mbao. Wanawake walishona kofia humu kwa miaka sitini, na kila sindano iliyoanguka ilibaki ilipoangukia. Gajda anasema lazima zitoke zote kabla ya kukwangua sakafu, la sivyo mashine inararua msasa na mtu anapoteza jicho. Akanijazia kopo zima. Ninalo hapa mezani. Nikilitikisa linalia kama mvua ya mbali.

Nimekasirika sana na sijafurahi hivi tangu Krismasi. Sielewi.

Jumanne, 3 Machi

Barua ya bodi ya jiji. Hakimu wa bodi, Bi. Tirado, atasikiliza shauri letu tarehe 27.

Niandike hapa waziwazi, maana kichwani linavurugika. Sheria inawalinda waliokuwa wakiishi kwenye viwanda kama hiki wakati ambapo kuishi humo kulikuwa haramu. Lakini kwa sharti: jengo liwe lilikaliwa na kaya tatu, kila moja kivyake, mwaka mzima mfululizo, kati ya Aprili 80 na Desemba 81. Mimi ghorofa ya nne. Ottilie ya tano. Bram ya tatu. Tatu! Tukithibitisha, mimi na Ottilie tunabaki mpaka tufe. Tukishindwa, Grubman anatutoa kabla ya majira ya joto, na nyundo zinapanda ngazi.

Grubman anasema Bram hakuishi hapa. Karakana tu. Na Bram kafa.

Shida ni kwamba tulijificha vizuri mno. Hakuna jina kwenye kengele. Barua zote kwenye sanduku la posta. Mapazia meusi. Takataka tulizibeba mikononi mitaa minne, kama wauaji. Hakuna hata bili moja inayosema mtu alilala hapa. Watu wengine duniani huweka kumbukumbu za nyumba zao. Sisi tulizifuta kila Jumamosi, kwa bidii.

Na kuna lile jingine. Grubman ameliambatisha, ukurasa wa sita. Oktoba 81 mkaguzi wa moto alikuja, akakagua kwa Bram, akaandika: hakuna dalili ya makazi. Akataka shahidi atie sahihi. "Ghorofa ya tatu hutumika kama karakana ya uchongaji tu, hakuna anayelala humo."

Sahihi ile ni yangu. H. Laufer, na mkia mrefu kwenye r, kama nilivyokuwa nikiandika nilipokuwa na miaka thelathini na majivuno.

Uongo mmoja wa maandishi maishani mwangu. Mmoja! Na ndio huo.

Alhamisi, 5 Machi

Ottilie amepanda na supu ya samaki kwenye sufuria. Kosa: ameshuka. Yeye ndiye wa juu. Miaka sabini na mmoja, bado anafuma mazulia kwenye kitanda cha mfumi kikubwa kuliko gari. Ananiita mtoto. Nina miaka arobaini na saba.

Nikamsomea hoja zangu. Akala supu yangu yote aliyoniletea.

"We mtoto, tafuta wakili."

"Nitajitetea mwenyewe."

"Unajua kugombana. Kujitetea ni kazi nyingine."

Nikamwambia mawakili ni watu wanaokodisha hasira wasiyokuwa nayo. Akasema afadhali ya kukodi, yangu imeshachakaa. Nikacheka, nikakasirika kwa kuwa nimecheka.

Maelezo yangu ya kiapo nimeyapeleka leo posta. Kurasa kumi na mbili. "Kila mmoja wetu watatu aliishi kwenye ghorofa yake, kivyake, mwaka mzima." Sentensi nzuri. Fupi.

Jumatatu, 9 Machi

Wanavua dari kwa Bram. Dari la bati lenye nakshi, maua ya mviringo kwenye miraba, moja ya yale waliyopigilia kila kiwanda karne iliyopita ili moto usipande. Limeoza. Linashuka kama magome ya mti, kutu na vumbi jeusi, mafundi wamejifunga vitambaa usoni kama majambazi wa treni.

Dari limegawanywa na maboriti makubwa ya msonobari, na bati liko katikati ya boriti na boriti. Saa saba walikuwa wamevua sehemu zote isipokuwa moja, karibu na dirisha la nyuma. Gajda yuko juu ya ngazi, anaipiga kwa kifundo cha kidole. Ko ko. Anashuka. Anapanda tena. Ko ko.

"Mama Gazeti, njoo." Sasa wote wananiita hivyo. "Wewe unapenda kujua mambo. Kwa nini bati lote limeota kutu na hili halijaota?"

"Labda maji hayakufika hapo."

"Maji yamefika. Tazama boriti ilivyolowa." Akajikuna masharubu. "Bati la miaka mia na kumi bila hata doa! Mimi bati la hivyo sijaliona. Hata sauti si ya bati."

Nikatazama juu. Maua yaleyale, miraba ileile, nyeupe iliyokolea moshi. Upana wa kitanda cha watu wawili.

Mungu wangu. Upana wa kitanda cha watu wawili.

Nikasema nina maziwa jikoni. Nikapanda ngazi mbiombio. Sina maziwa yoyote jikoni.

Jumanne, 10 Machi

Kitanda cha Bram. Bado kiko juu!

Nilikisahau. Jinsi gani mtu anasahau kitu cha namna hiyo? Bram alitengeneza kitanda cha kupanda. Roda nne za kupandishia mizigo, kamba nne zinazopita ndani ya boriti hadi kwenye winchi iliyofichwa ukutani, nyuma ya kisanduku kilichopakwa rangi ya ukuta. Mtu akibisha hodi kwa namna ya kiserikali, unazungusha mkono wa winchi mara thelathini, kitanda kinapaa na kujikita katikati ya maboriti mawili. Na tumbo la kitanda — hapo ndipo Bram alikuwa Bram — alilifinyanga kwa gundi na karatasi, maua kwa maua, mraba kwa mraba, hadi ukitazama juu huoni kitanda. Unaona dari. Ilimchukua wiki tano. Mkaguzi alisimama chini yake kabisa, akasifia dari!

Na kila kitu cha nyumbani kilipanda nacho. Sufuria, mswaki, viatu, barua. Tulirundika juu ya godoro, tukazungusha.

Bram alipoondoka mwaka 84, mgonjwa, dada yake alikuja na gari kutoka Ohio. Nilimbebea sanduku. Ina maana alikizungusha kikapanda kwanza. Mazoea tu.

Kuna nini juu yake? Miaka kumi na minne! Sifikirii kitu kingine. Nimejaribu kuandika makala ya Ijumaa juu ya meya, kila aya ya pili inageuka kuwa kitanda.

Nikisema neno, Grubman atasikia, na ndani ya saa moja kitanda kitakuwa kwenye kontena la taka pale mtaani. Lazima ninyamaze hadi Bi. Tirado akione kwa macho yake kikiwa pale pale.

Ninyamaze. Mimi.

Alhamisi, 12 Machi

Leo kaja msanifu majengo wa Grubman, Allegra Stroud. Buti za bei mbaya, penseli nywelani. Nilitaka kumchukia, akaniharibia.

"Bi. Hester! Mimi ni msomaji wako. Hata unapotutukana. Hasa unapotutukana."

Akanionyesha dari. Macho yanamng'aa! Kipande pekee cha asili kilichosalimika, anasema. Ameamua kukiacha. Kitazungukwa na taa ndogo, wageni wakiingia wakione kwanza. Mwenye nyumba atakula chakula cha jioni chini ya karne ya kumi na tisa.

Nikauma ulimi. Kweli kabisa, niliuma, unauma bado.

Halafu akaomba. Wanachapisha kijitabu cha kuuzia nyumba. Ningeandika aya moja ya historia? Mimi ndiye ninayelijua jengo kuliko wote.

Miaka ishirini nimewaita waandishi wa vijitabu vya namna hiyo wapambaji wa maiti. Gajda nyuma yake alikuwa anakoroga chokaa, amesimamisha mwiko, anasubiri niripuke.

Nikasema nitaandika.

Mwiko ukaanguka.

Ijumaa, 13 Machi

Aya yangu. Nainakili hapa kwa sababu kila neno lake ni kweli, nimelipima kila moja:

"Tazama juu. Katika jiji zima hakuna kipande kingine kama hiki. Aliyekitengeneza alikuwa na mkono wa msanii na sababu nzito. Watu walikitegemea maishani mwao. Kinastahili kubaki palepale kilipo mpaka aje mtu wa kukielewa."

Allegra amepiga simu. Karibu alie. Grubman ameipenda hadi ametia sahihi karatasi ya kazi: kipande kisiguswe.

Kisiguswe! Kwa sahihi yake mwenyewe!

Nimepeleka ombi bodini: hakimu aje kulitazama jengo siku ya shauri. Sababu nimeandika "hali halisi ya ghorofa ya tatu". Ni kweli pia.

Jumanne, 17 Machi

Grubman mwenyewe. Miaka sitini na kitu, kofia, sandwichi ya ulimi wa ng'ombe kwenye karatasi, anakula akitembea. Babu yake alilinunua jengo baada ya washona kofia kuhama. Amesimama chini ya kitanda, shingo nyuma, haradali kidevuni.

"Dari la babu yangu," akasema. "Nani angejua, eh, Hester? Umeandika vizuri. Umenitoa machozi. Ungeandika hivyo miaka yote tungekuwa marafiki."

"Sy," nikamwita kwa jina lake la kwanza, "ulikunywa supu ya shayiri hapa. Kwenye meza ya Bram. Mara mbili ukaongezewa."

"Nilikunywa supu kwenye karakana. Watu hula makazini."

"Ulimkuta na soksi tu mguuni, bila viatu."

"Wachongaji!" Akapangusa kidevu. "Mpenzi, mimi sina ugomvi na wewe. Nakupa chumba kizuri kule Queens, kina lifti ya watu, kina bustani. Wewe unataka nini na mahali hapa? Wakati wa baridi unaandika na glavu."

Nikamwambia anachouza ni sisi. Tukiondoka atabaki na matofali. Akasema matofali yana bei nzuri kuliko sisi, tena hayaandiki magazetini. Gajda akakohoa, akageukia ukuta. Alikuwa anacheka, mabega yanamtikisika.

Jambo la ajabu: nampenda kidogo, huyu mwizi. Amezeeka tukigombana. Na nadhani kweli hajui. Bram hakuwahi kumwonyesha.

Alhamisi, 19 Machi

Gajda anajua.

Alinisubiri ngazini saa ya chakula, na soseji yake na mkate wake mweusi. Akanigawia. Akasema leo alikuwa anachimba njia ya nyaya ukutani, akakuta kisanduku. Ndani ya kisanduku, winchi. Kwenye winchi, kamba nne.

"Dari halina winchi, Mama Gazeti."

Nilitafuna.

"Nimekifunga tena," akasema. "Nimepaka rangi juu. Nyaya nimezipitisha kwingine. Msanifu akiuliza nitasema ukuta mbovu."

Nikamuuliza kwa nini. Anafanya kazi kwa Grubman, ana kazi nzuri, simdai kitu. Akakata kipande kingine cha soseji.

"Sisi tunakaa chini ya nyumba ya mtu, mtaa wa Greenpoint. Mimi, mke, mama mkwe. Dirisha moja. Hairuhusiwi. Mtu wa kusoma mita ya umeme akija, mama mkwe anakaa ndani ya kabati na rozari." Akajipangusa masharubu. "Anafika mpaka fumbo la tatu kabla mtu hajaondoka."

Tukacheka hadi makombo yakamwingia kooni.

Kisha akauliza, kama mimi ninavyouliza kila siku: "Kuna nini juu yake?"

Nikasema sijui. Akasema anakufa kwa kutaka kujua. Nikasema tuko wawili.

Jumapili, 22 Machi

Leo Ottilie ameniharibia kila kitu kwa swali moja.

Nilikuwa nimemweleza yote: kitanda, kijitabu, Gajda. Nilitegemea anipongeze. Alikuwa anafuma, mguu unakanyaga, mkono unarusha. Akasimamisha.

"Na ule mwaka ambao tangi lako la maji moto lilipasuka. Wewe ulilala wapi?"

Januari 81. Sikuwa na joto wala maji hadi mwishoni mwa Machi. Barafu ndani ya dirisha. Nililala —

"Wiki kumi na moja," akasema Ottilie. "Nilihesabu. Sakafu hizi si nene hivyo, mtoto."

Nilikuwa nimesahau? Hapana. Nilikuwa nimeliweka juu, mahali pasipoonekana. Nililala kwa Bram. Nilipika kwa Bram. Vitu vyangu vilikuwa vya kwangu na vyake vilikuwa vyake na mwezi wa Machi vilikuwa vyetu. Kisha nilipanda tena kwangu, na hatukuzungumzia tena, kwa sababu mimi ni mimi na Bram alikuwa Bram.

Kaya tatu, kila moja kivyake, mwaka mzima mfululizo. Na wiki kumi na moja tulikuwa kaya mbili.

Ottilie anasema ni wiki kumi na moja tu, nani anajua? Yeye, mimi, na marehemu. Anasema hakimu mwenye akili ataelewa kwamba mtu aliyekimbilia joto hakuhama. Labda. Na labda wakili wa Grubman, ambaye kila nikimwona kavaa tai ya njano, atasema: asante sana, Bi. Laufer, tumemaliza. Na Ottilie naye anatoka. Na kitanda chake cha mfumi, kisichopita mlangoni tangu 1969.

Kurasa kumi na mbili za kiapo. "Kila mmoja kivyake, mwaka mzima." Nimeandika hivyo bila hata mkono kusita. Nilikuwa najiona mtu wa uongo mmoja.

Jumatano, 25 Machi

Wamepaka kuta rangi nyeupe kama mfupa. Nguzo za chuma zimesuguliwa hadi zinafanana na fedha. Sakafu bila sindano, inateleza. Nilivua kandambili nikatembea peku kutoka dirisha hadi dirisha, hatua thelathini na nane. Nilikuwa nimesahau ukubwa wake. Pazuri. Naandika neno hilo kwa chuki: pazuri.

Nikisimama chini ya kitanda sitazami juu.

Ijumaa, 27 Machi

Naandika nimekaa juu ya ndoo ya rangi, ghorofa ya tatu, saa tano na nusu asubuhi. Nina dakika ishirini, labda pungufu. Niandike upesi.

Wamekuja wote. Bi. Tirado: mwanamke mdogo, koti la mvua, miwani shingoni, havutiwi na lolote. Grubman. Tai ya njano. Allegra na vijitabu vyake. Ottilie kwenye kiti alichobebewa. Gajda ukutani, kofia mkononi, kama yuko kanisani.

Tai ya njano akaanza na ukurasa wa sita. Bi. Laufer, sahihi hii ni yako?

Nilikuwa na hotuba. Nimeiandaa wiki tatu! Juu ya sheria iliyowafanya watu waongo kisha ikawadai ushahidi. Hotuba nzuri kweli. Nikafungua kinywa.

"Yangu," nikasema. "Na maneno yale ni uongo. Nilijua ni uongo nilipokuwa naandika."

Ottilie akaniangalia kana kwamba nimevaa nguo za mtu mwingine.

Tai ya njano akafurahi waziwazi. Kwa hiyo Bi. Laufer alidanganya serikali kwa maandishi ili abaki na nyumba. Na leo analeta maandishi mengine, ili abaki na nyumba. Sisi tujuaje tofauti?

Swali zuri. Ningekuwa mimi ningeuliza hilohilo.

Bi. Tirado akauliza kama nina kitu chochote zaidi ya neno langu, maana neno langu sasa limepungua uzito. Nikamwomba Allegra atueleze juu ya dari.

Maskini Allegra. Alieleza vizuri sana. Bati la asili. Nakshi. Kipande pekee. Akasoma na aya yangu. Grubman akaitikia kila sentensi kwa kichwa: la babu, ndiyo, tangu babu.

"Bwana Grubman," nikasema, "hicho kipande kimekuwa hapo muda wote? Hakuna aliyekigusa?"

"Hakuna! Muulize yeyote. Nimetia sahihi."

Nikamgeukia Gajda. Akavaa kofia. Akachukua patasi, akakitoboa kile kisanduku ukutani, rangi ikamwagika kama maganda ya yai. Akashika mkono wa winchi.

Haukuzunguka. Kutu! Akatema mate viganjani, akavuta, mshipa wa shingo ukamtoka. Hakuna. Tai ya njano akaanza kupinga. Bi. Tirado akainua kidole kimoja bila kumtazama, akavaa miwani. Mara ya kwanza asubuhi yote. Gajda akamimina mafuta, akasubiri, akapiga teke, akavuta.

Ikalia kama mbwa aliyekanyagwa. Na dari likashuka.

Sijui kuandika uso wa Allegra. Sijui kuandika wa Grubman. Kinywa wazi, sandwichi imeinama mkononi. Kilishuka kikiyumba, vumbi likimwagika pande zote nne kama pazia. Kilipofika usawa wa kifua kikagoma. Kamba moja imejikunja kwenye roda. Kimeinama upande mmoja, kimebaki hapo.

Godoro. Sufuria, mbili. Mswaki ndani ya glasi. Viatu vya Bram, vile vya kamba za waya. Furushi la barua na juu yake muhuri wa posta, Gajda alisoma kwa sauti kubwa kabla hawajamzuia: Februari 81.

"Ndiye!" Ottilie akapiga goti lake. "Alilala hapa, yule mjinga!"

Grubman akakaa sakafuni. Kwenye sakafu mpya. "Supu," akasema. "Nilikuwa nakunywa supu chini ya kitanda."

Hata tai ya njano alikuwa ananyoosha shingo aone. Sote tulikuwa tunanyoosha shingo! Kwa dakika moja hakukuwa na kesi, palikuwa na watu saba wanaotaka kujua.

Kisha kitanda kikainama zaidi kidogo, na kitu kikateleza kutoka chini ya blanketi, kikaning'inia. Mkono wa koti. Sufi ya buluu.

Bram hakuvaa buluu maishani mwake. Alisema ni rangi ya polisi.

Tai ya njano ndiye aliyeliona kwanza. Ni la kike, akasema. Akasema polepole. Akanitazama. Angependa kujua ni la nani, na lilikuwa linafanya nini kitandani kwa mtu anayedaiwa kuwa kaya ya pekee.

Bi. Tirado akasema mtu asiguse kitu. Ameita mpigapicha wa bodi, anakuja na lifti ya mizigo. Picha kwanza. Halafu, akasema, akanielekea mimi, sio tai ya njano, mimi: "Halafu nitauliza swali hilo mara moja tu, Bi. Laufer, na utanijibu chini ya kiapo."

Kwa hiyo niko juu ya ndoo.

Ottilie amekaa mkono wa kushoto. Ameninong'oneza kwamba lile koti angeweza kuwa ni lake. Kwamba yeye pia aliwahi kuwa kijana. Nimemwambia alikuwa na miaka hamsini na nne. Akasema, basi?

Gajda ananitazama. Nadhani anafikiria kabati la mama mkwe wake.

Nililitafuta koti lile majira ya baridi mawili. Nilisema limeibwa. Nililiandikia hata makala, juu ya mji usiokuachia hata koti.

Lina vifungo vitano. Cha tatu kilikatika, na sikuwa na uzi wa buluu, nikakishona kwa uzi mwekundu. Nilivaa lile koti kila mahali. Kwenye mikutano, kwenye maandamano. Lipo kwenye picha ya gazeti ya mwaka 80, juu ya jina langu. Grubman ana nakala ofisini, ameibandika anirushie vishale.

Lifti inapanda. Nasikia minyororo, sasa ghorofa ya pili.

Koti limezidi kuteleza. Kutoka hapa nilipokaa naona kifungo cha kwanza, na cha pili. Na Grubman, pale sakafuni, anakitazama cha tatu.